Mshahara au kamisheni, faini au daftari: kipi kinajenga timu kwenye kliniki ya meno

Mdogo wangu mmoja kikazi, daktari wa meno, anafungua kliniki yake ya viti viwili pembezoni mwa Dar. Mkopo umetoka, viti vimefungwa, kompresa inanguruma, na juzi usiku akanipigia simu, nikajua anataka kuuliza bei ya eksirei au wapi apate ganzi kwa jumla. Kumbe hapana. Akaniambia "Kaka, hawa watu watano ntaishi nao vipi?" Nikafurahi mpaka nikakaa kitako, maana mi wakati naanza kazi hilo swali sikulisikia kwa mtu yeyote, wote tulikuwa tunaulizana mashine.

Watu wenyewe ni tabibu wa meno mmoja, wasaidizi wawili, dada wa mapokezi na mama wa usafi. Tuliongea mpaka saa sita kasoro. Hapa naweka yale tuliyoyapima, upande huu na upande huu, kwa sababu najua wapo wengi mnaofungua sa hizi na kila mtu anaambiwa "weka utaratibu" bila kuambiwa utaratibu upi unazaa nini.

Kipimo changu ni kimoja tu na nakitumia kwa kila kitu humu chini. Je, msaidizi anaweza kumwambia dokta "subiri kwanza" wakati koleo liko mkononi na mgonjwa kaachama, afu jioni akarudi nyumbani roho yake imetulia? Utaratibu ukimruhusu kusema hivyo, nauchukua. Ukimfunga mdomo, hata uwe unaingiza hela kiasi gani, siuchukui, na sababu nazitoa.

Malipo: mshahara, kamisheni, au mchanganyiko

Nimefanya kazi kliniki mbili, moja ilikuwa inalipa madaktari asilimia ya kazi waliyofanya, nyingine mshahara wa mwezi. Sizitaji, na wote walikuwa watu wazuri tu, tatizo lilikuwa jinsi hela ilivyokuwa inatembea.

Kamisheni ina uzuri wake na siwezi kuuficha. Daktari anawahi. Hakuna anayeangalia saa ikifika kumi jioni, mgonjwa akija saa kumi na moja na jino linamuua anapokelewa. Na kwa mwenye kliniki anayeanza, mwezi mbaya haumuui, kisipoingia hulipi. Kwa daktari wa kuja Jumamosi tu, huyo wa siku moja moja, mi naona kamisheni ndo sahihi kabisa, hamna haja ya kumpa mshahara.

Ila ikiwa ndo malipo ya kila siku ya watu wanaokaa pamoja, angalia kinachotokea. Jino la kutibu mzizi linalipa, mtoto wa miaka mitano anayelia dakika arobaini halipi, basi yule mtoto anaanza kusukumwa, "mpeleke kwa dokta mwenzangu", na mwenzake naye anasema ana mgonjwa. Kumfundisha mama jinsi ya kumpigisha mtoto mswaki hakuna bei, kwa hiyo hakufanyiki. Dada wa mapokezi ghafla anakuwa mtu mkubwa kuliko wote, maana yeye ndo anaamua faili linaenda chumba gani, na wanaanza kumletea soda na vocha, asiyeleta anapata wa kung'oa tu siku nzima. Afu inakuja bima. Daktari kafanya kazi leo, bima italipa baadaye, na pengine dai litakatwa au kurudishwa kwa sababu fomu imekosewa. Asilimia yake inahesabiwa kwenye kilichodaiwa au kilicholipwa? Na bili ya maabara ya kutengeneza jino bandia inatolewa kabla ya kugawa au baada? Nimeona marafiki wa chuo kimoja wakinuniana miezi mitatu kwa hilo tu.

Na msaidizi je? Yeye kashika safsheni, ule mrija wa kunyonya mate, siku nzima, shingo imekakamaa, mwisho wa mwezi anaona dokta anachukua asilimia na yeye palepale. Huyo siku akiona dokta anakimbiza kazi, anakaa kimya. Atasema subiri ili iweje, na akimchelewesha anakuwa amemkata hela?

Mshahara mtupu unaponya mengi ya hayo. Mtoto anayelia anapata muda wake, faili zinakwenda kwa zamu, watu wanasaidiana. Ubaya wake unaujua, saa tisa na nusu mtu ameanza kufunga droo, na kliniki ikiwa bado changa mshahara unafika tarehe 28 hata kama mvua imenyesha wiki nzima na wagonjwa hawakuja. Kwa mkopo wa benki hiyo ni presha ya kweli na siidharau.

Nilichomshauri mdogo wangu ni mchanganyiko, mshahara unaoeleweka halafu chungu kimoja cha wote. Tuseme mwezi umebaki na milioni 12 baada ya kutoa vifaa na maabara, unatenga asilimia 5, hiyo ni laki sita, mnagawana watu watano sawasawa, laki na ishirini kila mmoja. Wapo wanaogawa kwa kufuata ukubwa wa mshahara, na tabibu wako anaweza kukuambia haiwezekani apate sawa na mama wa usafi. Mi nasema sawa kwa sawa, na nina sababu ya kikazi kabisa, kliniki ya meno inasimama kwenye usafi, na yule mama akikuta sindano kwenye mfuko wa taka za kawaida ni yeye wa kwanza kuijua. Nataka awe na sababu ya kuja kuniambia, na laki na ishirini kwake ni hela inayoonekana.

Ukiwa na kiti kimoja na msaidizi mmoja, achana na chungu, mpe mshahara mzuri yaishe. Chungu kinaanza kuwa na maana mkifika wanne watano.

Kosa likitokea: faini au daftari

Hapa ntakaa kidogo maana ndo penye uzito kuliko kote.

Kliniki nyingi zina karatasi imebandikwa ukutani: kuchelewa elfu tano, kuvunja kioo cha kutazamia meno elfu kumi, kudondosha hendpisi (kile kishikio cha mashine ya kutoboa jino) mshahara nusu. Uzuri wa faini ni kwamba ni rahisi, haihitaji maongezi, na wiki ya kwanza utaona kila mtu anawahi. Ni kweli inafanya kazi, kwa wiki ya kwanza.

Kwanza kuna sheria, na hii wengi hawaijui. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28, imebana sana mwajiri kukata mshahara. Ukitaka kumkata mtu kwa sababu ya hasara, lazima hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa lake, umpe kwa maandishi sababu na hesabu yake, umpe nafasi ya kupinga, usidai zaidi ya hasara yenyewe, na makato yasizidi robo ya mshahara wake. Sasa linganisha na ile karatasi ya ukutani. "Mshahara nusu" unausoma wapi hapo?

Lakini hata sheria ingeruhusu nisingeitumia. Kliniki ya faini niliyofanyia kazi, hendpisi moja ilidondoka, msaidizi akaiokota akaifuta akairudisha kwenye trei akanyamaza, na tulikuja kujua siku tatu baadaye ikiwa inatetemeka mdomoni mwa mgonjwa. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na kodi ya nyumba. Kila mmoja wetu pale angefanya vile, na ndo kitu kilichoniuma, yaani utaratibu ulikuwa umemfundisha mtu mwaminifu kuficha.

Sasa peleka akili kwenye sindano. Msaidizi anachomwa, mara nyingi inatokea wakati wa kurudishia kifuniko cha sindano ya ganzi, au anaosha vyombo na ncha ya skela, kile chombo cha kukwangua ukoga, ikamchoma vidole. Kama mgonjwa ana virusi vya ukimwi, hatari ya kuambukizwa kwa kuchomwa mara moja ni kama 3 kati ya 1,000, homa ya ini B ni kubwa zaidi kwa mbali, kwa ambaye hajachanjwa inaweza kufika hata 30 kati ya 100. Dawa za kinga dhidi ya ukimwi zinatakiwa zianze haraka iwezekanavyo na zisipite saa 72, zinamezwa siku 28. Kwa hiyo kitu kinachomwokoa huyu binti ni kusema dakika ileile. Aoshe kwa maji yanayotiririka na sabuni, asibinye, aseme, apelekwe. Ukishamzoesha kwamba kila kosa lina bei, ataona aibu, ataona hela, atasubiri mpaka kesho, afu keshokutwa, na saa 72 si nyingi. Mi hili nikilifikiria mpaka leo silali vizuri.

Upande wa pili ni daftari. Kliniki yangu ya pili ilikuwa na kaunta buku tu, limekaa chumba cha otokilevu (mashine ya kuua vijidudu kwenye vyombo), kila kinachoharibika kinaandikwa: nini kimetokea, saa ngapi, tumefanya nini. Jina la aliyekosea haliandikwi. Ijumaa linasomwa kwa sauti, na wa kwanza kusoma lake alikuwa mwenye kliniki mwenyewe. Nakumbuka siku ya kwanza alisoma "nimeandika namba ya jino vibaya kwenye faili, nimeandika 15 badala ya 14". Wasaidizi walitazamana. Kuanzia hapo daftari likawa linajaa.

Ubaya wa daftari upo. Linakula muda. Na kuna mtu mmoja atalitumia kama kichaka, kila siku kaharibu, kila siku kaandika, hakuna anachobadilisha. Huyo hatibiwi na daftari wala faini, anaitwa pembeni, anaongeleshwa, anapewa onyo la maandishi, na akiendelea mnaachana kwa kufuata sheria. Kosa la kutokujua na kosa la kutojali ni vitu viwili, usivichanganye kwenye kapu moja.

Ila faida yake niliiona kwa macho. Kuna asubuhi umeme ulikatika otokilevu ikiwa katikati ya mzunguko, ukarudi, mashine ikaendelea kuwaka taa zake, trei zikatolewa. Msaidizi mdogo kuliko wote, ana miezi miwili kazini, akaangalia ule utepe wa kwenye pakiti, mistari haijawa myeusi. Mgonjwa yuko kitini, ganzi imeshachomwa, dokta mkubwa ananyoosha mkono. Akasema "Dokta samahani, subiri, hii haijaiva." Tukarudia mzunguko mzima kutoka mwanzo, nyuzi 134 kwa mashine yetu, dakika tatu za kuchemka ila ukijumlisha kupanda joto na kukauka ni nusu saa na zaidi, mgonjwa akapewa ganzi nyingine na kuombwa radhi. Mwenye kliniki alimshukuru palepale mbele ya mgonjwa. Ile kliniki nyingine ningeapa zile trei zingetumika.

Vivyo hivyo na namba za meno. Mgonjwa wa breisi, zile waya za kunyoosha meno, anakuja na barua ang'olewe 14, na 14 na 15 ukitazama haraka zinafanana sana, hasa kama zimesongamana. Au 36 na 46, zote magego ya chini, moja kushoto moja kulia, na wewe umekaa umemgeukia mgonjwa kulia kwako ni kushoto kwake. Msaidizi anasoma barua kwa sauti, "namba 14, juu kulia", dokta anarudia, ndo koleo linaingia. Inachukua pumzi moja. Lakini haitafanyika kama msaidizi anaogopa kutamka mbele ya dokta, hapo hata ubandike maelekezo ukuta mzima.

Kikao cha asubuhi au kundi la wasapu

Hii fupi. Wasapu ni nzuri kwa ratiba, nani yuko zamu Jumamosi, ganzi zimebaki boksi ngapi, fundi wa kompresa anakuja saa ngapi. Haina gharama na ujumbe unabaki.

Mbaya kwa mambo mawili. Kugombeza, maana bosi akiandika saa nne usiku "nani kaacha maji ya kiti wazi???" watu watano hawalali, na kesho kila mtu kavaa sura ya mbao. Na picha za wagonjwa. Hili nalisema kwa msisitizo, eksirei yenye jina, picha ya mdomo na uso, inarushwa kwenye kundi ambalo aliyeacha kazi mwaka jana bado yumo. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na taarifa za afya ni nyeti kuliko hata namba ya simu. Usifanye.

Kikao cha dakika kumi, saa mbili kasoro dakika kumi, mmesimama. Mnapitia orodha ya leo: yule mzee wa saa tatu anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, kwa hiyo kung'oa siyo kukimbilia, mama wa saa tano ana kisukari aje ameshakula na asisubirishwe, yule mtoto ni mara yake ya kwanza apewe muda mrefu, meno bandia ya fulani yamerudi kutoka maabara au bado. Kila mtu anasema kitu kimoja, mama wa usafi naye. Ubaya wake ni foleni za Dar, mtu wa Mbagala au Gongo la Mboto akikwama njiani anakosa, na ukianza kukitumia kusema watu kitakufa ndani ya mwezi. Nilimwambia mdogo wangu afanye vyote viwili, kikao kwa wagonjwa, wasapu kwa ratiba, na baada ya saa mbili usiku kundi liwe kimya labda kuwe na dharura.

Kumtoa mtu aliyezoea kwingine au kufundisha wako

Mzoefu anaanza kazi kesho yake, anajua kuchanganya simenti ya kuzibia bila kuuliza. Lakini anakuja na tabia za alikotoka, nzuri na mbaya, na kama alitoka kwenye faini atakuwa anaficha miezi sita ya kwanza hata ukimwambia hapa hatukati. Unayemfundisha mwenyewe atakuchelewesha, utapoteza vifaa, ila atashika njia yako. Kwa watu wawili, chukua mmoja mmoja, na yule mzoefu muulize kwenye usaili "mara ya mwisho umeharibu nini kazini na ulifanyaje?" Akikuambia hajawahi kuharibu kitu, fikiri mara mbili.

Sherehe au ratiba

Watu wakisikia utamaduni mzuri kazini wanafikiria tisheti, keki ya besdei, kwenda Bagamoyo Desemba kupiga picha. Vyote vizuri na mi napenda pilau kama mtu mwingine. Ila ukiniambia nichague kati ya safari ya ufukweni na saa moja ya chakula isiyoguswa kila siku, nachagua saa moja bila kusita. Sheria yenyewe inasema anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo apate mapumziko ya dakika 60, na wiki isizidi saa 45 za kawaida. Msaidizi wa meno anayekula chapati kasimama nyuma ya mlango wa eksirei huwezi kumlipa kwa keki. Likizo siku 28, uzazi siku 84 na mapacha 100, hizo ziandike kwenye mkataba siku ya kwanza ili binti akipata ujauzito asianze kujificha kama mkosaji, na mjue mapema nani atasimama eksirei badala yake.

Na chanjo ya homa ya ini B, dozi tatu, ya mwanzo, baada ya mwezi, na mwezi wa sita, kwa kila mtu akiwemo mama wa usafi, inalipwa na kliniki. Hii haina upande wa pili wa kulinganisha. Kabla hujanunua tisheti.

Basi, mdogo wangu alipokata simu alikuwa ameamua mshahara na chungu cha asilimia 5 kuanzia mwezi wa nne, kwa sababu miezi mitatu ya kwanza anaogopa mkopo, na nikamwambia awaeleze hivyohivyo wote watano mapema, mezani, na hesabu zikiwa wazi. Karatasi ya faini alikuwa ameshaichapisha. Aliniambia ameigeuza upande wa pili akaandika namba ya kituo cha karibu kinachotoa dawa za kinga masaa yote, kwa kalamu nene, akaibandika juu ya sinki la kuoshea vyombo, na kaunta buku kanunua mawili.